Kioo Hukatwa kwa Ufa: Dirisha la Vioo vya Rangi kwa Anayeanza

Dirisha la vioo vya rangi huundwa kwa vipande vya kioo vilivyoshikanishwa kwa metali laini, na sifa yake kuu ni kwamba rangi haikupakwa juu ya kioo bali imo ndani yake, kwa kuwa ilitiwa wakati malighafi ya kioo ikiyeyushwa katika tanuri: kobalti hutoa buluu, chuma hutoa kijani, na dhahabu kwa kiasi kidogo mno hutoa waridi iliyokolea. Ndiyo maana rangi hizo hazipaushwi na jua, na vioo vya kanisa kuu la Chartres nchini Ufaransa, ambavyo vingi vimedumu kwa takriban miaka 800, vingali vinang'aa.

Njia za kuviunganisha vipande hivyo ni mbili. Iliyo kongwe hutumia fito za risasi, yaani vipande virefu vyembamba vyenye mfereji kila upande, ambamo kingo za kioo huchomekwa. Mtawa Theophilus, katika kitabu chake cha karne ya 12, De diversis artibus, alieleza jinsi fundi alivyochora umbo la dirisha juu ya ubao uliopakwa chokaa, kisha akakikata kioo kwa chuma cha moto. Ya pili hutumia utepe wa shaba nyekundu, nayo ilipata umaarufu mjini New York mwishoni mwa karne ya 19 kupitia taa za Louis Comfort Tiffany. Anayeanza nyumbani afadhali ashike njia ya utepe, kwa kuwa haidai zana nyingi na huvumilia vipande vidogo, ingawa dirisha kubwa la nje, linalopigwa na upepo na mvua, hufaa zaidi kuundwa kwa risasi. Paneli ya sentimita 30 kwa 30, yenye vipande vipatavyo 15, inatosha kabisa kwa kazi ya kwanza.

Makosa mengi ya mwanzo hayatokani na mkono bali na mchoro. Kalamu huchora chochote, lakini kioo hakina nyuzi kama mbao, na ufa ukishaanza ndani yake hutafuta njia nyepesi ya kufika ukingoni. Kwa hiyo pembe inayoingia ndani, kama ile ya herufi L, haikatiki kwa zana za mkono, na ncha nyembamba kama mwiba huvunjika kabla kazi haijaisha. Vilevile mstari mmoja ulionyooka kutoka ukingo hadi ukingo wa paneli hugeuka bawaba, yaani mahali ambapo paneli itajikunja siku ikiinuliwa, na ni busara kuuvunja mstari huo kwa kipande kinachoukatiza. Mistari ya metali itaonekana daima, nayo ni nyeusi mbele ya mwanga. Mchoro mzuri huifanya kuwa mshipa wa jani au mgongo wa wimbi.

Hata neno "kukata" hupotosha kidogo. Kikata kioo, ambacho ni mpini wenye kigurudumu cha metali ngumu nchani, hakikati kitu, hukwaruza tu. Kioo hustahimili sana kugandamizwa lakini ni dhaifu kikivutwa, na mkwaruzo hukusanya nguvu yote ya kukivuta katika mstari mmoja, ambao ndio utakaopasuka. Kigurudumu huchovywa katika mafuta ya taa, kisha husukumwa kutoka ukingo hadi ukingo bila kusita, kwa uzito ule ule, na sikio ndilo linalohukumu: mkwaruzo uliokaa sawa hutoa mlio mwembamba wa kuchanika kama wa hariri, na hauonekani ila kioo kikiinamishwa, ilhali ule mweupe wenye ungaunga ni ishara kwamba mkono umelemea mno. Haurudiwi mara ya pili kamwe, kwa kuwa kurudia huharibu kigurudumu na kuuchanganya ufa. Baada ya hapo ngumi mbili hushika kioo pande zote za mstari, vidole gumba vikiwa juu, na kukigeuza kwa nje mpaka kiachane. Penye mkunjo, kioo hugongwagongwa taratibu kwa chini, na ufa huonekana ukitembea ndani yake kama uzi wa fedha. Ustadi huu hupatikana kwa masalio ya kioo cha kawaida cha milimita 3, ambayo mafundi vioo huyatupa, kabla ya kugusa kioo cha rangi ambacho ni ghali.

Kingo husagwa kwa jiwe lenye maji, maana vumbi kavu la kioo hudhuru mapafu. Kisha huoshwa, hukaushwa na kuvishwa utepe wa shaba wenye gundi, uliolala sawasawa pande zote mbili na kusuguliwa hadi ushike. Lehemu yenye stani asilimia 60 na risasi asilimia 40, ambayo huyeyuka kabisa kwenye nyuzi joto 190 hivi za selsiasi, huyeyushwa juu ya utepe uliopakwa fluksi, yaani dawa inayoondoa kutu ili metali zishikane, mpaka iumuke na kuwa mgongo wa mviringo.

Risasi ni sumu, na watoto ndio inaowadhuru zaidi. Kwa hiyo kazi hii haifanywi jikoni wala karibu na chakula, madirisha huachwa wazi ili moshi wa fluksi utoke, na mikono huoshwa kwa sabuni kabla ya kula. Fluksi iliyobaki juu ya paneli nayo huoshwa siku hiyo hiyo, la sivyo metali itaota ukungu mweupe. Vitanzi vya kuning'inizia hulehemiwa mahali ambapo mstari wa ndani wa lehemu hukutana na ukingo wa paneli, kwa sababu utepe wa ukingoni peke yake ukibeba uzito wote, hubanduka na paneli huanguka.