Tembo 'jepesi' lina uzito wake

Mzee mmoja wa Mokowe, bara ya Lamu, aliniambia kwa fahari kwamba ameacha bia kwa ajili ya presha yake. Nikampima. Presha ilikuwa juu kuliko awali. Katika mazungumzo ikajulikana kwamba kila jioni hunywa lita mbili za tembo la mnazi linalogemwa na jamaa zake. "Hiyo si pombe, daktari," akasema. "Ni maji ya mnazi, kitu chepesi."

Wasomaji wengi wa mjini husema hivyo hivyo kuhusu divai nyekundu nyepesi. Je, ni kweli?

Mgema hupanda mnazi asubuhi na jioni, akakata ncha ya shina la maua ambalo halijachanua, na utomvu ukadondoka kibuyuni. Utomvu huo una sukari nyingi. Hamira za asili zilizomo kibuyuni na hewani huanza mara moja kuigeuza sukari kuwa alkoholi. Baada ya saa chache tayari ni pombe. Likikaa siku moja au mbili huwa kali na kuelekea kuwa siki. Zabibu nazo hugeuka divai kwa njia hiyo hiyo.

Sasa tupige hesabu. Tembo lililochacha huweza kufikia asilimia 5 ya alkoholi, sawa na bia. Lita moja basi ina gramu 40 hivi, kiasi cha chupa mbili za bia za nusu lita. Mzee wetu alikuwa akinywa chupa nne kila siku! Glasi ya divai ya mililita 150 yenye asilimia 12 ina gramu 14 hivi. Wepesi ni habari ya ulimi; ini na moyo hupokea alkoholi ile ile.

Tangu miaka ya 1990 wengi wameamini kwamba divai nyekundu ni dawa ya moyo. Baadaye ilionekana kuwa katika tafiti nyingi kundi la "wasiokunywa" lilichanganywa na watu walioacha pombe kwa sababu ya ugonjwa. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema wazi kwamba hakuna kiwango cha pombe kisicho na hatari kwa afya. Alkoholi huchangia presha, maradhi ya ini na saratani.

Tena, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Maji hayo yakiwa machafu huleta kuhara, hata kipindupindu. Kemikali ni hatari zaidi: Novemba 2000 watu zaidi ya 100 walikufa Nairobi kwa pombe iliyotiwa methanoli.

Kwa hiyo kumbuka:

• Mjamzito asinywe kabisa.

• Ukitumia dawa za kisukari, kifafa au presha, muulize daktari kwanza.

• Ukinywa kisha macho yakaona ukungu, nenda hospitali mara moja.

• Mnywaji wa kila siku asiache ghafla bila ushauri. Anaweza kutetemeka au kupata degedege.

Mzee wetu alipunguza taratibu, na baada ya wiki chache presha ikaanza kushuka. Nawe daktari akikuuliza unakunywa nini, usimjibu "kitu chepesi". Mtajie ni lita ngapi.