Mtetemeko wa Mzee Si Uchawi

Kwetu Kakamega yupo mzee aliyepiga isukuti tangu ujana wake. Miaka michache iliyopita, mkono wake wa kuume ulianza kutetemeka hata akiwa ametulia; hatua zikawa fupi, uso ukakosa ishara ya furaha wala huzuni. Majirani wakanong'ona kuwa karogwa, wengine wakasingizia chang'aa. Nami, nakiri kwa haya, nilisadiki.

Kumbe ni maradhi yaliyoelezwa na daktari James Parkinson wa London mwaka wa 1817. Ndani kabisa ya ubongo mna fungu la seli zenye weusi, zitengenezazo dopamini. Kemikali hiyo hupelekwa katika viini vya kati vya ubongo, ambavyo hushauriana na gamba la juu kuhusu mwendo upi uruhusiwe na upi uzuiwe. Seli hizo zifapo, ruhusa hukawia. Mzee anayo nia ya kuinuka, ila mguu hautii. (Hata mbegu za upupu zina levodopa, ambayo mwili huigeuza kuwa dopamini, lakini asije mtu akazitafuna akidhani amepata tiba!)

Ajabu ni kwamba dopamini hiyo hiyo, katika njia iliyo jirani, ndiyo itusukumayo kutafuta chakula, sifa na ushindi. Ndiyo sababu baadhi ya wagonjwa, wakipewa dawa ziigazo dopamini, huingiwa na uraibu wa kamari ambao hawakuwa nao kamwe. Mzee wetu alipouza ng'ombe na fedha zikaishia kwenye kamari, ukoo ulikaa kikao ukamwita mpotevu. Nilikuwapo, nikanyamaza. Hakuna aliyeuliza habari za vidonge. Daktari aliyeviandika hakuwa amemwonya mtu, na hilo naliona kosa kubwa, kwa kuwa dawa hizo haziachwi ghafla. Ni yeye apaswaye kuzipunguza au kuzibadilisha.

Majuzi palikuwa na arusi. Mzee alikwama mlangoni, nyayo kama zimegandishwa sakafuni. Isukuti zilipolia, akatoka hatua kwa hatua kwa kufuata mapigo, kwani mdundo wa nje huweza kuusaidia ubongo pale ambapo saa yake ya ndani imelegea. Vijana wakaangua kicheko, wakisema siku zote alikuwa akijifanya. Safari hii nilisimama nikawaeleza.