Baba Aliyewaandikia Binti Zake Mchezo

Aghalabu wazazi hulalamika kwamba michezo ya kompyuta humtenga mtoto na jamaa zake, na malalamiko hayo yana msingi. Hata hivyo, mmojawapo wa michezo ya kale zaidi ya aina hiyo ulitungwa kwa nia iliyo kinyume kabisa: baba aliyeachana na mkewe alitafuta kitu cha kumkutanisha na watoto wake. Katika makala haya twaeleza asili ya mchezo huo, kisha twaonyesha jinsi familia iwezavyo kuusakinisha nyumbani bila ya kulipa hata ndururu.

Mtunzi wake ni Will Crowther, Mmarekani, mtaalamu wa programu katika kampuni ya BBN, na mmoja wa walioujenga ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti. Yeye na mkewe Patricia walikuwa mashuhuri kwa kuchunguza mapango ya Kentucky. Mwaka 1972 Patricia alikuwa katika kundi lililogundua njia ya chini ya ardhi inayounganisha mapango ya Flint Ridge na Mammoth Cave. Ndoa yao ilipovunjika, Crowther aliwakosa mno binti zake wawili wadogo. Baina ya mwaka 1975 na 1976 aliliandika pango lile katika kompyuta, ili wanapomzuru wapate kulitembea pamoja naye.

Mchezo huo, Adventure, hauna picha hata moja. Kompyuta hueleza kwa maneno ya Kiingereza mahali ulipo, nawe huamrisha kwa neno moja au mawili: ingia, chukua taa, nenda kaskazini. Crowther alikusudia hata asiyejua kompyuta asiogope.

Baadaye kijana wa Chuo Kikuu cha Stanford, Don Woods, aliukuta mchezo ule na kutamani kuupanua. Hakujua anwani ya mwenyewe; basi akatuma barua kwa jina la Crowther katika kila kompyuta ya mtandao wa wakati huo, mpaka akampata na kumwomba ruhusa. Toleo lake lilikamilika mwaka 1977. Mwaka huo huo Jim Gillogly aliuandika upya kwa lugha ya C ili utumike katika Unix. Miaka 40 baadaye, mwaka 2017, Eric S. Raymond aliomba tena ruhusa ya watunzi wale wawili, akautoa wazi kwa watu wote kwa jina la Open Adventure. Kazi ya mtu ni amana. Waliopokea hii hawakuichukua kimyakimya.

Kuutoa wazi maana yake ni kuutoa pamoja na msimbo wake wa asili. Programu nyingi tuzipatazo ni kama sahani ya biriani iliyokwisha kupikwa: waila, lakini hujui kilichotiwa chunguni. Msimbo ni maelezo ya mapishi yenyewe, nawe wajipikia jikoni mwako.

Jiko lenyewe ni kompyuta yenye mfumo wa jamii ya Unix, kama vile Linux, ambao waweza kutumika hata katika mashine kuukuu. Vyombo ni vinne: kompaila ya lugha ya C, yaani programu inayougeuza msimbo kuwa kitu mashine iwezacho kutenda, programu iitwayo make, inayosimamia kazi hiyo, Python 3 pamoja na moduli yake ya YAML, na maktaba ya libedit. Vyote hupatikana bure.

Vyombo vikiwa tayari, pakua furushi la Open Adventure, lifungue, kisha ingia katika folda yake kwa amri ya cd. Usiharakishe. Soma kwanza faili ya README na ile ya maelezo ya kusakinisha. Halafu andika make, ubonyeze kitufe cha kuingiza. Mistari itapita kiooni, na ikinyamaza bila ya kosa, andika ./advent. Ile nukta na mkwaju huiambia Unix kwamba programu iko hapa hapa katika folda hii, kwa kuwa kwa kawaida haitafuti hapo yenyewe.

Likitokea kosa, lisome lile la kwanza, si la mwisho, kwani yanayofuata mara nyingi huzaliwa nalo. Aghalabu sababu ni chombo kilichokosekana. Katika Debian na Ubuntu, kwa mfano, sehemu ya libedit inayohitajiwa na kompaila hutolewa kando kwa jina la libedit-dev, na wengi huisahau.

Faida kubwa kwa mzazi imo ndani ya folda hiyo hiyo. Faili iitwayo adventure.yaml ina karibu maneno yote ambayo mchezo utamwambia mtoto. Mama aweza kuyasoma kabla hajamketisha mwanawe. Atakuta humo mbilikimo warushao visu, joka, na maneno ya kichawi ya kumhamisha mchezaji. Aamue mwenyewe umri ufaao na la kumweleza mtoto. Ni michezo mingapi ya simu inayompa mzazi nafasi hiyo? Tena mchezo huu hauna matangazo wala kitu cha kununua, na ukishasakinishwa hauhitaji intaneti.

Tunashauri usiachiwe mtoto peke yake. Mmoja achape amri, mwingine achore ramani kwa kalamu, kwani njia za pango hupinda: ukienda kaskazini, kurudi kusini si lazima kukufikishe ulikotoka. Penye vyumba vinavyofanana, angusheni vitu ili mvitambue. Taa nayo huishiwa na betri, basi shaurianeni kabla ya kila hatua. Wakati wa kupumzika ukifika, andikeni save, muendelee siku nyingine.

Pango la Crowther lilihitaji watu wazungumze. Mashine iliyo mezani haimtengi mtoto na mzazi wake ikiwa mzazi amevuta kiti akaketi kando yake.