Wataalamu Wanaochunguza Kura Zetu

Siku ya uchaguzi hapa Mapinga tunapanga foleni, tunapiga kura, tunasubiri matokeo. Akishatangazwa mshindi, wengi wetu tunasema basi, kazi imekwisha. Lakini wako watu ambao kazi yao kubwa inaanza hapo. Ni wataalamu wa siasa. Wao hawaulizi tu nani kashinda. Wanauliza: Nani alikwenda kupiga kura? Nani alibaki nyumbani, na kwa nini?

Mmoja wao ni Profesa Rwekaza Mukandala wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kazi hii aliikuta imeanza. Mwaka 1965 walimu wa chuo hicho walichunguza uchaguzi wa kwanza wa chama kimoja. Wagombea walipewa alama ya jembe au nyumba. Wananchi walimwangusha hata Waziri wa Fedha, Ndugu Paul Bomani. Walimu wakataka kujua sababu.

Mukandala na Profesa Haroub Othman walihariri kitabu juu ya uchaguzi wa 1990, uliokuwa wa mwisho wa chama kimoja. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, aliendelea na uchunguzi huo. Mwaka 2022 aliongoza Kikosi Kazi kilichompa Rais mapendekezo juu ya siasa za vyama vingi.

Uchunguzi huu una faida gani? Tutazame mwaka 2010. Watu waliojiandikisha walizidi milioni 20. Waliopiga kura ni kama milioni 8 na laki 6. Yaani katika kila watu 10, zaidi ya 5 hawakwenda. Mtu atasema, "Wavivu hao!" Mtaalamu hakubali upesi hivyo. Je, kituo kilikuwa mbali? Kadi ilipotea? Mvuvi alikuwa dago? Au mtu amekata tamaa, anaona kura yake haibadili kitu?

Kila ugonjwa una dawa yake. Kama kituo ni mbali, kisogezwe. Lakini aliyekata tamaa hata ukimwekea sanduku mlangoni, hatoki. Dawa yake ni kura kuhesabiwa kwa haki, na kiongozi kutimiza ahadi.

Mtafiti hawezi kuwauliza watu wote. Hufanya kama mnunuzi wa korosho. Mnunuzi hamwagi gunia zima. Huchota juu, katikati na chini. Vivyo hivyo mtafiti huuliza wanawake na wanaume, wazee na vijana, wenye maduka na wenye majembe.

Basi mtafiti akipiga hodi kwako, mwulize anatoka wapi na majibu yatatumikaje. Kura yako ni siri, na swali usilolitaka una haki ya kulikataa. Lakini ukijibu, sema kweli. Ukimwambia yale anayopenda kusikia tu, umempa gunia lenye korosho nzuri juu na mbovu chini. Na hasara ya gunia hilo ni yetu sote.