Kazi za Mikono kwa Watoto Wadogo Wakati wa Mvua

Mvua kubwa inapolipiga bati, nyumba ya askari haina sauti nyingine. Mama humwita mtoto aliye hatua mbili tu kutoka kwake na asisikiwe. Hadithi haisimuliki, wimbo hauimbiki, na redio ikifunguliwa huwa ni kelele juu ya kelele. Wanaoishi katika zile nyumba za mabati za mviringo zilizozoeleka katika kambi za polisi nchini Uganda wanaijua vyema hali hiyo. Kusini mwa nchi mvua hunyesha tangu Machi hadi Mei, kisha hurejea tangu Septemba hadi Novemba. Upande wa kaskazini, kama vile Gulu na Kitgum, msimu ni mmoja mrefu, takriban Aprili hadi Oktoba. Katika miezi hiyo mtoto wa miaka mitatu, minne au mitano, ambaye hajafikia darasa la kwanza, hushinda saa nyingi chumbani pamoja na masufuria, nguo zisizokauka na jiko la makaa.

Mtoto asiyepewa kazi hujitafutia mwenyewe, na aghalabu kilicho karibu naye zaidi ni hilo jiko. Hapo ndipo huanza makofi, vilio, na mara nyingine kuungua. Wazazi wengi huyaita mambo hayo utukutu. Kwa kweli ni mikono isiyo na shughuli, na dawa yake haihitaji kusikilizana: kazi ya mikono hufanyika hata mvua ikivuma namna gani, maana mtoto hutazama mikono ya mama na kufuata.

Walimu wa watoto wadogo wamelijua jambo hili kwa muda mrefu. Friedrich Froebel, Mjerumani aliyefungua mahali pa kuwalelea watoto wadogo huko Blankenburg mwaka 1837, aliwapa kazi za kukunja karatasi, kusuka vipande vya karatasi na kufinyanga udongo. Lakini hapana haja ya kwenda Ujerumani kulithibitisha. Katika nchi zetu za maziwa makuu mtoto amekuwa akikaa karibu na bibi asukaye mkeka na kujaribu kwa ukindu uliobaki, pasipo mtu kuliita tendo hilo somo. Faida yake huonekana baadaye shuleni. Mtoto wa miaka mitatu kwa kawaida huweza kuchora duara, wa miaka minne msalaba, na anapokaribia mitano huanza kuumudu mraba. Kumlazimisha aandike herufi kabla vidole havijapata nguvu ni kumfundisha kuichukia kalamu. Kubana udongo, kukaza fundo na kuchana karatasi ndiko kunakovitayarisha vidole hivyo.

Vifaa havinunuliwi dukani. Cha kwanza ni ganda kavu la mgomba, ambalo hupatikana karibu kila mahali kusini na magharibi mwa Uganda. Magamba ya nje ya shina yakikauka huchanika kwa urefu, yakawa kamba laini. Inafaa yakusanywe siku za jua na kufungwa mafungu, yaning'inizwe juu ukutani, kwa sababu yakishapata unyevu huota ukungu mweusi na kukatika. Majani makavu hufinyangwa yakawa donge, kisha donge huviringishiwa kamba upande huu na upande huu hata ukawa mpira. Mtoto wa miaka mitatu hushika donge lisifumuke huku mkubwa akifunga; wa miaka mitano hufunga mwenyewe, na fundo lake la kwanza likifunguka asicheke mtu. Kwa kamba hizo hizo hutengenezwa mwanasesere: fungu moja hukunjwa katikati na kufungwa shingoni, fungu dogo hupitishwa chini ya shingo likawa mikono, na kitambaa kilichobaki kwa fundi cherehani kikawa nguo yake.

Cha pili ni udongo wa mfinyanzi. Huu wenyewe hupenda mvua, kwani ukikauka polepole kivulini haupasuki kama ule uliowekwa juani. Uchimbwe mahali safi, mbali na vyoo na mitaro ya maji machafu, maana udongo wenye kinyesi hubeba mayai ya minyoo, na mtoto wa umri huo hutia vidole kinywani bila kufikiri. Uondolewe mawe, ukandwe mpaka usishike mkononi, kisha ufunikwe kwa kitambaa kibichi ili utumike siku kadhaa. Mtoto asipewe kielelezo cha kuiga kwa lazima. Akifinyanga kitu akasema ni ng'ombe, basi ni ng'ombe, hata kama kina miguu mitatu. Kazi ikiisha, mikono ioshwe kwa sabuni.

Cha tatu ni gazeti lililokwisha kusomwa. Ukurasa hukunjwa mara mbili, ukakatwa mikato sambamba isiyofika ukingoni. Ukikunjuliwa huwa na nafasi za kupitisha vipande vingine, kimoja juu, kimoja chini, kama mkeka. Wa miaka mitatu asipewe mkasi, achane kwa vidole, na kuchana kwenyewe ni zoezi kubwa. Wa miaka mitano aweza kupewa mkasi wenye ncha butu, mama akiwa karibu.

Gundi hupikwa kwa unga wa muhogo. Vijiko viwili vya unga hukorogwa kwanza kwa maji baridi kidogo, kisha humiminwa katika kikombe kimoja cha maji yanayochemka, huku mwiko ukizunguka, mpaka uji ung'ae. Ukipoa huwa tayari. Ukianza kutoa harufu ya uchachu umwagwe, upikwe mwingine. Rangi nazo zimo jikoni: manjano kwa rangi ya njano, mkaa uliosagwa kwa nyeusi, vumbi la tofali kwa wekundu. Betri za tochi zisivunjwe kwa ajili ya kupata weusi. Desturi hiyo imetoka kwenye ubao wa shule, ambao huko vijijini watu huupaka unga wa betri. Lakini ndani ya betri mna kemikali zinazounguza ngozi na macho, na mtoto mdogo hulamba kila kitu.

Hapa yapasa kusema wazi juu ya hatari, kwa kuwa kambi si kijiji. Watoto wa kambini hupenda kuokota maganda ya risasi na kuyafanya njuga au filimbi. Mzazi anayelitazama jambo hilo kwa tabasamu, kwa kuwa ganda limekwisha kulipuka, humzoesha mtoto kuokota vyuma vya namna hiyo. Na mtoto wa miaka minne hawezi kutofautisha ganda tupu na risasi nzima, wala kipande cha chuma na bomu ambalo halijalipuka. Sheria iwe moja tu: chuma kilichookotwa hakiguswi, anaitwa mtu mzima. Kwa njuga, vifuniko vya soda vyatosha, vikitobolewa na baba na kingo zake kupondwa.

Mbegu nazo zichaguliwe. Zile nyekundu zenye doa jeusi, zinazopendeza sana katika shanga, ni sumu kali zikitafunwa. Vivyo hivyo mbegu za mbarika. Maharage na mahindi nayo yana hatari yake: mtoto wa chini ya miaka mitatu huweza kukabwa nayo, na wakubwa kidogo huyatia puani na masikioni. Harage likiingia sikioni, lisichokolewe kwa njiti ya kiberiti, wala maji yasimiminwe, kwa kuwa hulifanya livimbe. Mtoto apelekwe zahanati hata kama mvua inanyesha. Na jiko la makaa lisiwashwe katika chumba kilichofungwa ati kwa kukimbia baridi. Hewa yake ya sumu haina rangi wala harufu, nayo huwaua watu waliolala pasipo kuwaamsha. Jiko likae barazani, na kama baraza hakuna, mlango na dirisha viwe wazi.

Limesalia jambo la baba. Tangu kikosi cha kwanza cha Uganda kilipofika Mogadishu mnamo Machi 2007, nyumba nyingi za askari zimezoea kumkosa baba kwa muda mrefu, na hata walio nchini huhamishwa au huwa kwenye doria. Mtoto aliyeachwa na umri wa miaka miwili hukutwa na mitatu, na mtu mrefu mwenye sare anapoingia mlangoni hujificha nyuma ya mama. Baba huumia, wengine humvuta kwa nguvu wakambusu, na mtoto hulia zaidi. Zipo njia nyepesi zaidi. Avue kofia na mkanda, aketi chini mkekani, achukue kamba za mgomba na kuanza kufunga mpira pasipo kusema lolote. Mvua inayopiga bati humsaidia hapo, kwa kuwa hakuna anayetarajiwa kuzungumza. Baada ya muda mtoto husogea kutazama. Kisha hunyosha mkono ashike donge lisifumuke, kama alivyozoea kumfanyia mama, na baba amwache ashike, hata kama mpira utatoka umepinda.

Wakati baba yuko mbali, kazi za mtoto zihifadhiwe ndani ya boksi chini ya kitanda, kila moja ikiandikwa tarehe kwa mkono wa mama. Picha na mikeka ya karatasi hudumu. Udongo ambao haukuchomwa utavunjika, na mtoto aambiwe hivyo mapema. Mpira wa mgomba hauna budi kusubiri ardhi ikauke: ukichezewa kwenye tope hunywa maji, ukawa mzito, na kufikia jioni utakuwa umefumuka.