MASHINE GANI INAFAA CHOMBO CHA KIKUNDI CHENU?

Vikundi vingi vya pwani, kutoka Vanga hadi Kiunga, huweka akiba au huchukua mkopo ili kununua mashine ya boti. Hili ni jambo jema. Mwenye mashine hangoji upepo, hufika mbali, na samaki wake hufika sokoni wakiwa wabichi. Wahenga walisema, chombo hakiendi ila kwa nyenzo.

Lakini mashine ni mzigo mkubwa wa pesa. Bei yake inaweza kuzidi bei ya chombo chenyewe. Kikundi kikichagua vibaya, mkopo unabaki palepale na mashine inalala chini ya mwembe ikingoja spea. Kwa hivyo kabla ya kwenda dukani, kaeni chini mshauriane. Jambo kubwa la kukumbuka ni hili: bei ya dukani ni mwanzo tu wa gharama. Mafuta, chumvi na fundi ndivyo vitakavyokula pesa zenu kila mwezi.

AINA TATU ZA MASHINE

1. Mashine ya nje ya kuchanganya oili

Hii ni mashine ya petroli inayofungwa kwenye ubao wa tezi. Mafundi huiita ya mipigo miwili. Oili huchanganywa na petroli. Kwa mashine nyingi ni lita 1 ya oili kwa lita 50 za petroli, lakini fuateni kitabu cha mashine yenu.

Uzuri wake ni kwamba ni nyepesi. Ile ya nguvu ya farasi 15 ina uzito wa kilo 36 hadi 40 hivi, kwa hivyo watu wawili wanaibeba. Vyombo vyake vya ndani ni vichache, na fundi wa kawaida anaweza kuifungua. Bei yake pia iko chini.

Ubaya wake ni kunywa mafuta. Sehemu ya petroli hutoka pamoja na moshi kabla ya kuungua. Ule utando wa rangi rangi unaoonekana juu ya maji ni pesa zenu zinazoelea. Tena, mtu akisahau kutia oili siku moja tu, pistoni inakwama na hapo mashine imekwisha.

2. Mashine ya nje isiyochanganya oili

Hii pia ni ya petroli na hufungwa kwenye tezi, lakini oili ina mahali pake peke yake, kama kwenye gari. Huitwa ya mipigo minne. Hutumia petroli pungufu, karibu theluthi moja ukilinganisha na ile ya kwanza. Moshi na kelele ni kidogo.

Lakini ni ghali zaidi na ni nzito, kama kilo 50 kwa ile ya farasi 15. Oili yake lazima ibadilishwe, kwa kawaida kila baada ya saa 100 za kazi. Mkiibeba, msiilaze ubavu wowote tu. Kitabu kitaonyesha ubavu gani, la sivyo oili itaingia mahali pasipofaa. Baadhi ya mashine hizi zina vifaa vya umeme ambavyo fundi wa ufuoni hawezi kuvipima. Ulizeni kwanza.

3. Mashine ya dizeli ya ndani

Hii hufungwa ndani ya chombo, na chuma kirefu hupita tezini kuzungusha propela. Vyombo vingi vya abiria vinavyotoka Lamu kwenda Pate na Faza hutumia dizeli. Hutumia mafuta kidogo kuliko zote, na ikitunzwa hudumu miaka mingi. Dizeli pia haishiki moto upesi kama petroli. Na fundi anayetengeneza mashine ya kusaga unga kijijini huwa tayari anaielewa dizeli.

Taabu yake ni kwamba kununua na kufunga ni gharama kubwa. Ni nzito, na haiwezi kubebwa nyumbani usiku. Propela yake iko chini, haiinuliwi, kwa hivyo haipendi mawe wala maji mafupi. Hata kule Lamu, vyombo hungoja maji yajae ndipo vipite Mkanda.

Kuna watu hujaribu kufunga injini ya petroli ya gari ndani ya mashua. Msifanye hivyo. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutulia kwenye ngama, na cheche moja inatosha kuteketeza chombo na watu.

Siku hizi ziko pia mota za umeme, na katika Ziwa Victoria wako wavuvi wanaozitumia. Hizi zinahitaji mahali pa uhakika pa kuchaji betri, na safari isiwe ndefu.

TUPIGE HESABU PAMOJA

Tuchukue mashua ya wastani. Inakwenda saa 1 na kurudi saa 1, siku 20 kwa mwezi. Hizo ni saa 40. Makisio ya mafuta, mashine ikifanya kazi kwa nguvu, ni kama haya:

- Ya kuchanganya oili, farasi 15: lita 6 kwa saa, yaani lita 240 kwa mwezi, na oili karibu lita 5.
- Isiyochanganya, farasi 15: lita 4 kwa saa, yaani lita 160.
- Dizeli, farasi 10: lita 2 kwa saa, yaani lita 80.

Msishangae kwamba dizeli ni ya farasi 10. Propela yake ni kubwa na huzunguka polepole, kwa hivyo husukuma chombo kizito vizuri.

Sasa tuseme lita moja ni shilingi 200, ili hesabu iwe rahisi. Ya kwanza itakula shilingi 48,000 bila oili, ya pili 32,000, ya tatu 16,000. Kati ya ya kwanza na ya pili kuna shilingi 16,000 kila mwezi. Mkifanya kazi miezi 8 na kupumzika wakati kusi imekaza, hizo ni shilingi 128,000 kwa mwaka. Linganisheni pesa hizo na tofauti ya bei dukani, mjue itarudi baada ya muda gani.

Lakini kama chombo chenu kinatoka siku 5 tu kwa mwezi, hesabu inageuka. Tofauti inakuwa shilingi 4,000 kwa mwezi, na ile ya bei ya chini inaweza kuwafaa. Kikundi cha kilimo cha mwani, ambacho kinavuta mzigo mwendo mfupi karibu na ufuo, hakina haja ya mashine ya farasi 40. Wekeni bei ya pampu ya kwenu na saa zenu wenyewe, kisha mwamue.

ANGALIENI PIA MAMBO HAYA

Bandari yenu. Wakati wa bamvua, maji ya pwani yetu hupanda na kushuka karibu mita 4. Kama chombo chenu hukaa mchangani maji yakipwa, mashine ya nje inayoinuliwa ni afadhali. Kama kina kipo siku zote, dizeli inawezekana.

Urefu wa mguu. Mashine ya nje huja na mguu mfupi, kama sentimita 38, au mrefu, kama sentimita 51. Pimeni ubao wa tezi kabla ya kununua. Mguu ukiwa mfupi mno, propela hunyonya hewa kwenye mawimbi. Ukiwa mrefu mno, hugonga mawe.

Fundi na spea. Mwulizeni muuzaji: plagi, filta na impela ya pampu ya maji zinapatikana wapi? Jibu likiwa "tutaagiza", fikirini tena.

Wizi. Mashine ya nje huibiwa. Nani ataibeba kila jioni, na itafungiwa wapi?

CHUMVI HAINA HURUMA

Mashine hupozwa kwa maji ya bahari, na chumvi hubaki ndani ikiganda mpaka njia za maji zinaziba. Kwa mashine ya nje, kila mkirudi iwasheni ndani ya pipa la maji matamu kwa dakika 10 hivi. Kwa dizeli, chagueni ile ambayo injini yake hupozwa kwa maji matamu yanayozunguka, si maji ya bahari moja kwa moja.

Mkiwasha mashine ya nje, tazameni ule mkondo mdogo wa maji unaotoka nyuma. Usipotoka, zimeni mara moja. Angalieni oili ya gia: ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Kipande cha zinki kikiisha nusu, badilisheni. Kazi yake ni kuliwa na chumvi badala ya mashine.

Tena, msitupe tanga na makasia. Mashine yoyote inaweza kuzima. Gaweni mafuta mafungu matatu: moja la kwenda, moja la kurudi, na moja la akiba lisiloguswa. Kila mtu awe na jaketi la kujiokoa.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Chombo chetu hutoka siku ngapi kwa mwezi, na mashine hufanya kazi saa ngapi kila safari?
2. Fundi wetu wa karibu ni nani, na anaijua mashine ipi?
3. Nani atashika daftari la mafuta, oili na saa za kazi?
4. Kila safari tutaweka kando shilingi ngapi za matengenezo, na zitawekwa wapi?
5. Mashine ikizima nje ya mwamba, watu wetu watarudi vipi?