Upepo wa Kusi kwa Viwanda vya Kibaha

Wilaya za Kibaha na Kisarawe zimo Mkoa wa Pwani, lakini hazigusi bahari. Umeme, hata hivyo, zinautaka: viwanda vya Kibaha vinakula umeme usiku na mchana, na tangu Juni 2024 treni ya umeme inapita Soga, wilayani Kibaha. Kwa hiyo mitambo ya upepo inayoelea baharini inawahusu watu wa huku sawa na wavuvi wa Mafia.

Mtambo wa kawaida wa baharini husimamishwa juu ya nguzo iliyozamishwa kwenye sakafu ya bahari. Kina kikizidi mita 60 hivi, nguzo hiyo huwa ghali mno. Hapo mnara huwekwa juu ya boya kubwa la chuma au zege, likashikwa kwa minyororo na nanga. Shamba la kwanza la namna hiyo, Hywind Scotland, lilianza mwaka 2017 karibu na Peterhead: mitambo 5, megawati 30, kwenye kina cha mita mia moja hivi.

Kwetu, sehemu kubwa ya mkondo kati ya Unguja na bara ni maji mafupi, kuelea hakuhitajiki. Mahali pake ni mkondo wa Pemba, wenye kina cha mamia ya mita, na mashariki ya Unguja.

Ninachokitamani zaidi ni kusi. Upepo huu huvuma kwa nguvu Juni hadi Agosti, wakati maji ya Rufiji yanapungua. Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto huo lina mitambo 9 ya jumla ya megawati 2,115, lakini nguvu yake ni maji yaliyohifadhiwa. Kila saa upepo unapozalisha umeme, maji hayo yanabaki bwawani. Kasoro ni Novemba: kusi imekwisha, kaskazi haijashika, na mto bado uko chini.

Tena upepo hauhurumii makadirio. Kasi ikipungua kwa nusu, nguvu hubaki sehemu moja ya nane. Bahari yetu iko karibu na ikweta, haina upepo mkali wa Scotland, na bado haikosi dhoruba: Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia.

Ila naihofia zaidi kebo. Mwaka 2008 Unguja ilikaa gizani karibu mwezi mzima, na kuanzia Desemba 2009 miezi mitatu, kwa hitilafu katika njia ya umeme utokao bara chini ya bahari. Na hiyo ni kebo iliyolala. Ya mtambo unaoelea hutikiswa na mawimbi kila siku. Matengenezo nayo ni mazito: mwaka 2024 mitambo yote mitano ya Hywind Scotland ilikokotwa hadi Norway kutengenezwa bandarini. Sisi tungeikokota wapi, wakati gati za Dar es Salaam zimejaa makontena?

Hata nchi kavu waya huchelewesha mambo. Mitambo 365 ya upepo ya Turkana, Kenya, ilikamilika mwaka 2017 ikasubiri njia ya umeme hadi 2018. Tanzania tuna mitambo ya upepo ya Mwenga, Mufindi, megawati 2.4 tu.

Wizara ya Nishati na Tanesco, pamoja na wenzao wa Zanzibar, wapime upepo mashariki ya Unguja na Pemba miaka miwili mfululizo, kwenye kimo cha mita mia, na kuchapisha matokeo kabla ya kutia saini mkataba wowote. Wavuvi waulizwe kabla nanga ya kwanza haijatupwa.